Nilivyoanikwa Pamoja na Betri

Kila asubuhi isiyo na mvua, tangu nilipokuwa na miaka sita mpaka nilipotimiza kumi, bibi yangu alinianika. Sisemi alinitoa nje nikaote jua. Nasema alinianika. Alitandika mkeka uani kwetu Makoko, katikati ya dagaa na kipande cha bati chenye betri za redio, akanivua blauzi, akanilaza chali kifua wazi. Jua likipanda alipita akigeuza. Aligeuza dagaa kwanza, halafu betri, halafu mimi.

Watu waliopita njiani kwenda ziwani walikuwa hawaishiwi maneno. "Mama Pelagia, leo umeanika nini?"

"Vitu vyangu," bibi alijibu, na kuendelea kugeuza.

Ili umwelewe inabidi ujue miaka ile ilivyokuwa. Dukani palikuwa na mwenye duka na kaunta, basi. Sabuni haikuwapo, chumvi haikuwapo, na betri za redio ulizisikia kwenye redio ya mwenye betri. Zako zikichoka ulizitoa, ukazianika juani siku nzima, jioni zikapata uhai kidogo, ukasikiliza taarifa ya habari mpaka katikati. Nchi nzima ilifanya hivyo wala hakuna aliyecheka.

Mimi nilizaliwa na moyo mvivu. Ulipiga pale ulipojisikia. Mwaka wa themanini na sita padri wetu akahangaika, akaandika barua, nikapelekwa Ulaya, nikarudi na kimashine kama kiberiti kimeshonwa chini ya ngozi upande wa kushoto wa kifua, na waya unaokwenda mpaka ndani ya moyo kuukumbusha kazi. Padri alimweleza bibi kwa saa nzima. Katika saa hiyo bibi alishika jambo moja, kwamba ndani ya mjukuu wake mna betri na betri huisha. Mengine yote alimwachia padri.

Ndipo sheria zikaanza. Nisikimbie, nitamaliza betri. Nisibishane, maneno yanakula betri. Kwenye kwaya niimbe sauti ya chini, maana ile ya juu inavuta sana. Nami sikuwa mjinga. Akiniambia nioshe masufuria nilishika kifua, nikasema kwa sauti ya mgonjwa wa siku tatu, "Bibi, naona inapungua." Masufuria aliyaosha mwenyewe. Nilikuwa mtoto mbaya, nakiri, ila masufuria ya sangara yana mafuta sana.

Sheria kubwa kuliko zote ilihusu redio. Bibi alikuwa na redio ya mbao, kubwa kama kabati la vyombo, iliyokula betri nane kwa mpigo. Aliipenda kuliko alivyompenda marehemu babu, na alikuwa anasema hivyo hata mbele ya ndugu zake babu. Lakini aliijua tabia yake. Redio ile ilikuwa mlafi. Je, ikikosa betri zake, itashindwa kunyonya ya mtoto aliyekaa karibu? Kwa hiyo alichora mstari wa majivu katikati ya uani, hatua kumi na mbili kutoka kwenye redio, na kila Jumamosi akauchora upya. Upande ule redio na bibi, upande huu mimi. Na kwa kuwa aliweka sauti ya chini kabisa ili betri zidumu, sikusikia kitu. Nilimwona tu bibi ameegemeza sikio kwenye kitambaa cha spika, anatikisa kichwa, anacheka, anafuta machozi. Nilipouliza wanasema nini, alinijibu kwa ufupi, "Kuna mtu amefariki Bunda. Humjui."

Miaka minne nilisikiliza redio kwa kutazama uso wa bibi. Nilichukia, nasema kweli. Nilikuwa tayari kuupangusa ule mstari kwa ulimi.

Sasa, huku bibi akichunga betri, mgongo wangu ulikuwa unafanya mambo yake. Ulianza kupinda nikiwa na miaka saba. Nilipofika kumi ulikuwa umekwenda kulia, ukabadili mawazo, ukarudi kushoto. Bega moja lilikuwa juu, jingine chini. Darasani nilikaa nikimtazama jirani yangu hata nilipotaka kutazama ubao. Tena pumzi ilikuwa inakatika. Kutoka nyumbani mpaka kisimani nilipumzika mara tatu, na safari hii sikuwa naigiza. Nilipomwambia bibi, alinizidishia jua.

Mwaka wa tisini, hospitali yetu ikapata mgeni. Daktari Magesa, mtaalamu wa mifupa, mtoto wa Butiama aliyesomea mbali, alikuja kwa juma moja na sanduku la vyuma vya kunyoosha migongo ya watoto. Alinitazama, akatazama picha, akamwambia bibi waziwazi, "Mama, tusipomnyoosha, mgongo utabana pafu. Mwaka mmoja, miwili, atashindwa hata kutembea. Nina nafasi yake Alhamisi. Ijumaa naondoka, na sijui nitarudi lini."

Wazazi wangu walikuwa Guta, wanalima pamba. Baba alikuwa ametuma barua ya mstari mmoja: Mama akikubali, nimekubali. Basi uamuzi wote ulikuwa kwenye kidole gumba cha bibi, na bibi alikuwa amekificha kidole hicho ndani ya kanga.

"Nitafikiri," akasema. Nikalazwa wodini kumsubiri afikiri.

Jumatano, saa nne asubuhi, Daktari Magesa aligundua kwamba hana sumaku.

Alikuja wodini mwenyewe kutueleza, na alikuwa na aibu. Upasuaji wa mgongo, alisema, unatumia kisu cha umeme, maana kinakata na kuziba damu papo hapo. Umeme ule unaweza kukidanganya kimashine kikadhani moyo unapiga vizuri, kikanyamaza. Dawa yake ni kukifungia sumaku kifuani. Sumaku ikiwa juu yake, kimashine hakisikilizi porojo za mtu, kinapiga tu kwa mwendo wake mpaka sumaku itolewe. Alikuwa na sumaku nzuri. Huko alikotoka aliiegesha kwenye kitanda cha chuma wakati anafunga sanduku, ikanata, naye akasafiri bila ya kuibandua.

"Sasa nani ana sumaku Musoma nzima?" akauliza Sista Dorotea, muuguzi wetu mkuu, mwanamke aliyekuwa na sauti ya kuita mtumbwi.

"Iko ndani ya spika za redio," daktari akasema. "Lakini iwe na nguvu. Iweze kuinua hii." Akaonyesha nyundo yake ya mifupa. "Na isizidi kiganja. Mtoto atalala kifudifudi, siwezi kumlaza juu ya mlima."

Sista Dorotea akatoka barazani, akatangaza mara moja tu. Haikuhitajika mara ya pili.

Saa sita mchana kulikuwa na foleni ya redio. Watu waliokuja kuwaona wagonjwa walizikimbilia nyumbani. Fundi baiskeli alileta mbili. Mzee aliyelazwa kwa ngiri aliitoa chini ya mto. Daktari alikaa kwenye benchi na nyundo yake, akifungua redio moja baada ya nyingine, akigusisha nyundo kwenye spika, nasi wagonjwa tumejazana madirishani kama tunatazama mpira.

"Imeinua?"

"Haijainua!"

"Aaa!"

Mwenye redio aliondoka na aibu, kana kwamba mtoto wake ameshindwa mtihani.

Halafu akaja Burito, mwenye baa ya Bweri. Yeye hakuleta redio, alileta spika ya dansi ikiwa juu ya mkokoteni, pana kama sinia la pilau. Alipoiingiza mlangoni, mkasi ukachomoka mfukoni mwa Sista Dorotea, ukaruka, ukanata. Ukafuatiwa na funguo za stoo. Wagonjwa tulipiga makofi.

"Ina nguvu," daktari alikiri. "Lakini nikimlaza mtoto juu ya hii, sitakuwa nampasua. Nitakuwa nampigia muziki."

"Nimeitoa Bweri kwa mkokoteni, daktari. Nirudi nayo hivihivi?"

"Rudi nayo. Ila kwanza tuachie mkasi wetu."

Saa nane foleni iliisha. Nyundo ilikuwa haijainuliwa na spika yenye ukubwa unaofaa. Daktari alijishika kiuno, akatazama ziwa, akasema polepole kwamba bila sumaku hathubutu, kwa hiyo labda tuache, na kwamba anasikitika.

Nikamtazama bibi. Alikuwa amekaa kwenye kona ya wodi, ameshika rozari, na pembeni yake palikuwa na mzigo mkubwa uliofunikwa kanga mbili. Watu wa wodini walidhani ni nguo. Mimi nilijua. Bibi hakuwahi kulala mahali asipoiona redio yake, na kama yeye analala hospitali, redio nayo inalala hospitali. Alikuwa ameiweka pale konani, mbali kabisa na kitanda changu, na siku ya kwanza nilimwona akipima sakafu kwa hatua. Kumi na mbili.

Alinitazama nami nikamtazama. Alitikisa kichwa kidogo sana. Maana yake ilikuwa, thubutu.

Nilimwogopa bibi kuliko nilivyoogopa kisu. Lakini nilikuwa nimechoka kuitazama dunia kwa upande. Nikavuta pumzi, ile iliyokuwepo, nikasema kwa sauti ya juu, ile inayokula betri:

"Bibi anayo! Iko chini ya kanga!"

Wodi nzima ikageuka. Bibi akasimama, akaukumbatia mzigo wake.

"Hii hapana," akasema. "Hii inanyonyaga betri. Miaka minne nimeizuia isimsogelee mtoto, leo wewe daktari unataka kuifunga kifuani kwake? Si bora uniambie tu unataka kumwua?"

"Mama, spika haili betri ya mtoto."

"Wewe umekaa nayo hii redio? Mimi nimekaaga nayo! Betri nane, wiki mbili, zimekwisha. Hii kitu haina shukrani."

Daktari Magesa hakubishana. Hilo ndilo lililonifanya nimpende. Alivuta kigoda, akakaa chini kuliko bibi, akatoa kadi yangu ya kimashine, ile niliyorudi nayo kutoka Ulaya.

"Mama, sumaku ina kazi nyingine. Inasema betri imebaki kiasi gani. Imeandikwa hapa. Ukiweka sumaku kifuani, betri ikiwa nzima, moyo unapiga themanini na tano kwa dakika moja. Betri ikichoka unashuka, sabini. Nikikuta sabini sitampasua, naapa. Hutaki kujua?"

Akamshika pabaya. Kwa miaka minne bibi alikuwa amechunga kitu asichokiona. Usiku aliweka kiganja kifuani kwangu akidhani nimelala. Hakuna aliyewahi kumwambia kama anashinda au anashindwa.

Aliigusa kadi kwa ncha ya kidole. Kisha akaweka redio chini, akaomba kisu cha jikoni, akaifungua mwenyewe, kwa sababu hakutaka mkono wa mtu mwingine uiguse. Walitoka mende, ukoo mzima, mababu kwa wajukuu, wakatawanyika chini ya vitanda na wagonjwa wakapandisha miguu. Bibi hakuwatazama. Alikata nyaya mbili, akainua spika. Daktari akasogeza nyundo. Nyundo ikaruka ikanata, tak! Hakuna aliyepiga makofi.

Nikalazwa. Bibi akashika kifundo changu cha mkono upande mmoja, Sista Dorotea upande wa pili akiwa na saa yake ya mkononi. Daktari akaweka spika kifuani. Nikasikia ubaridi, na moyo ukashika mwendo kama askari wa gwaride.

"Hesabu," akasema daktari.

Sista Dorotea akahesabu kwa sauti. Thelathini. Sitini. Themanini na tano, bibi akafumba macho. Tisini. Mia. Mia na ishirini. Bibi akafumbua macho. Mia na arobaini!

"Sista, dakika haijaisha?" daktari akauliza.

"Bado, daktari! Mshale hausogei!"

"Inavuja!" bibi akapiga kelele. "Betri inavuja! Itoe!"

Mshale haukusogea kwa sababu Sista Dorotea alikuwa ameinama mno, na sumaku ya bibi ilikuwa imekwisha kuisimamisha saa yake. Saa ile haijatembea tena mpaka leo. Daktari akamwondoa, akageukia saa ya ukutani, akahesabu upya, na safari hii bibi alihesabu pamoja naye, kimyakimya, midomo tu. Wodi nzima ilihesabu. Mzee wa ngiri alihesabu kwa vidole na akavimaliza mara nyingi.

"Dakika," akasema daktari. "Ngapi?"

"Themanini na tano," wodi ikajibu.

"Themanini na tano," bibi akarudia. Akakaa chini sakafuni, kwa kishindo, kama gunia la mihogo. "Imejaa."

"Imejaa, mama. Sikutegemea. Nzuri kabisa."

"Ni jua."

Daktari akafungua mdomo. Nilimwona kabisa, maelezo yote yako kwenye ulimi. Akatazama karatasi ya ridhaa isiyo na alama ya kidole. Akatazama mgongo wangu. Akafunga mdomo, akaufungua tena.

"Jua halijamdhuru," akasema.

Kwa bibi hiyo ilikuwa sawa na cheti chenye mhuri. Akatoa kidole gumba ndani ya kanga, akakisukuma kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi kwa nguvu hata meza ikasogea.

Alhamisi nilipasuliwa. Sina la kusimulia, nilikuwa nimelala, na kama kuna mtu anasema alisikia habari za asubuhi kutoka kifuani kwangu, huyo ni Sista Dorotea na mnamjua. Niliambiwa tu kwamba kimashine kilipiga themanini na tano tangu mwanzo mpaka mwisho, hakikusikiliza porojo ya mtu. Bibi alikaa mlangoni saa zote hizo akiwa amepakata redio iliyotobolewa tumbo. Alipoulizwa na watu inafanya nini pale, alisema inamsubiri mtoto.

Nilipozinduka nilikuwa na vyuma viwili mgongoni na jaketi la plasta kutoka kwapani mpaka nyongani, nitakalolivaa miezi sita. Jambo la kwanza bibi alilomuuliza daktari ni jua litapita wapi. Kwa bahati plasta ile hukatwa dirisha tumboni ili mtu apate nafasi ya kula na kupumua. Daktari alipolikata, bibi alilitazama dirisha lile, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwita mwanangu. Tangu siku hiyo kitanda changu kilisukumwa barazani kila asubuhi. Juma lililofuata wagonjwa wengine wanne walikuwa barazani nao, wote chali, mmoja wao ana mguu uliovunjika tu.

Tulirudi Makoko kwa gari la samaki. Nilikuwa nimeongezeka vidole vinne. Nilisimama uani kwetu nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona, juu ya kabati kupitia dirishani: kulikuwa na kopo la biskuti. Miaka yote lilikuwa pale.

Fundi alirudisha spika kwenye redio. Sauti ilikuwa inakwaruza kidogo, na ilinuka spiriti. Saa za matangazo zilipofika bibi alitoa redio, akaiweka mahali pake, akazichomeka betri nane. Zilikuwa mpya. Maduka yalikuwa yameanza kujaa siku zile, betri zimepangwa kwenye rafu kama mayai, lakini bibi alikuwa hajaziamini bado, na alikuwa amezianika kwanza.

Mimi nikasimama kwenye mstari wa majivu. Ulikuwa umechorwa upya.

"Bibi," nikasema, "daktari alisema redio hainyonyi."

"Alisema hainyonyi. Akasema pia spika isikae kifuani kwako bila yeye, itakushikisha mwendo wake. Nilimwuliza mara tatu." Akaunyooshea mstari kidole. "Mstari utakaa."

Machozi yalinitoka, ya hasira. Nilipasuliwa mgongo mzima na bado niko upande huu. Nikageuka, pole pole maana plasta haigeuki haraka, nikakaa kwenye kigoda changu nikiwa nimempa kisogo.

Nikasikia kitu kinaburuzwa. Bibi alikuwa amebeba kigoda chake. Alivuka mstari, akakiweka kando ya changu, akakaa, kisha akasimama tena kwa kusonya, maana alikuwa amesahau jambo. Akarudi kwenye redio, akashika kile kidude cha sauti, ambacho kwa miaka yote hakuwahi kukizungusha zaidi ya upana wa ukucha, akakizungusha mpaka kikakataa.

Kuku walikimbia. Jirani alitoka na mwiko mkononi. Sauti ilikwenda mpaka ziwani, nina hakika, na mtangazaji akatuambia sote kwamba kuna mtu amefariki Bunda.

"Bibi, betri zitaisha!" nikamwambia sikioni.

Alikuwa amekaa karibu yangu sana, kiganja chake kimeingia kwenye dirisha la plasta, kimetulia.

"Acha ziishe," akasema. "Sikiliza."